Jua kali, miale hafifu: kisa cha Shams 1

Wengi wetu tulichezea kioo cha kukuza tukiwa watoto. Unakishika juu ya jani kavu au kipande cha gazeti, unakipandisha na kukishusha mpaka lile doa la mwanga libaki dogo kama punje ya mtama, halafu unangoja moshi. Siku ya anga safi hungoji sana. Lakini kuna siku jua linachoma utosi, jasho linakutoka, wingu hata moja hulioni, na gazeti linagoma kuungua. Ukitazama doa lenyewe unaona limevimba, kingo zake zimefifia kama wino uliomwagikiwa maji. Joto unalo, ila kioo hakipati cha kukikusanya.

Shams 1 ni mchezo huohuo, isipokuwa kioo si kimoja bali ni 258,048, na kilichokuwa kikingoja kupata moto si gazeti bali mtambo wa umeme wa jua huko Abu Dhabi, Falme za Kiarabu, uliogharimu takriban dola milioni 600 za Marekani.

Mtambo huu uko Madinat Zayed, kama kilomita 120 kusini-magharibi mwa jiji la Abu Dhabi, kwenye njia ya kuelekea Liwa ambako matuta ya mchanga ya jangwa la Rub' al Khali huanza kuwa makubwa kweli. Ulizinduliwa tarehe 17 Machi 2013. Wenyewe walikuwa kampuni tatu: Masdar ya Abu Dhabi kwa asilimia 60, Total ya Ufaransa asilimia 20 na Abengoa ya Hispania asilimia 20. Ukubwa wake ni megawati 100, juu ya eneo la kilomita za mraba 2.5. Jina halihitaji mkalimani: shams ni jua, na washairi wetu wa zamani nao waliliita shamsi.

Shams 1 haufanani na paneli za sola tulizozoea kuziona kwenye mapaa ya mabati. Vioo vyake vimepinda kama mtumbwi uliolazwa ukiwa umefunua tumbo, mdomo wake una upana wa karibu mita 6, na katikati, pale miale yote inapokutania, linapita bomba la chuma lenye unene wa kama sentimita 7. Ndani ya bomba yanapita mafuta maalumu yanayopashwa mpaka karibu nyuzi 400 za Selsiasi, nayo huchemsha maji, mvuke ukazungusha tabo, yaani gurudumu la kuzalisha umeme. Mitumbwi hiyo hulifuata jua kutwa nzima, kutoka mashariki hadi magharibi.

Sasa tazama namba hizi, maana ndizo zilizonifanya niandike. Wahandisi wa mitambo ya vioo hawaulizi jua ni kali kiasi gani. Wanauliza: kwa mwaka, ni nishati kiasi gani inayofika kwa miale iliyonyooka, yaani ile inayotoka kwenye duara la jua na kuja moja kwa moja bila kupinda njiani? Kule Boulder City, jimbo la Nevada, Marekani, uliko mtambo wa Nevada Solar One, jibu lililoandikwa kwenye kumbukumbu za mradi ni kilowati-saa 2,606 kwa mita ya mraba. Kwa Andasol 1, mkoani Granada, Hispania, ni 2,136. Kwa Shams 1 ni 1,934.

Soma tena. Jangwa la Abu Dhabi, lililo karibu kabisa na Tropiki ya Kansa, lenye mvua ya kuhesabu kwa vidole na kiangazi ambacho watu hukimbia kutoka gari lenye kiyoyozi kwenda duka lenye kiyoyozi, hupata miale iliyonyooka michache kuliko Hispania, nchi ambayo milima yake huvaa theluji. Mtu akikuambia hivyo barazani utadhani anakutania.

Ukipima mwanga wote unaoanguka juu ya ardhi, ule ulionyooka pamoja na ule unaotoka pande zote za anga, Abu Dhabi haiko nyuma hata kidogo: kwa mwaka inapata zaidi ya kilowati-saa 2,100 kwa mita ya mraba, inakaribiana na kusini mwa Nevada. Kwa hiyo jua halikupungua. Kilichotofautiana ni namna mwanga unavyofika. Nevada unafika kama mshale. Abu Dhabi sehemu kubwa inafika kama mvua ya rasharasha, kutoka kila upande. Kioo kilichopinda kinadaka mshale, rasharasha hakiiwezi.

Mawingu hayahusiki sana hapa, mchango wake ni mdogo. Mwinuko una sehemu yake: Andasol uko juu, kama mita 1,100 toka usawa wa bahari, hivyo uzito mwingi wa hewa umeachwa chini yake. Lakini mkosaji mkuu ni vumbi linaloelea.

Hapa inabidi kutenganisha vitu viwili vinavyochanganywa kila siku, mchanga na vumbi. Punje ya mchanga ni nzito. Upepo ukiikamata inaruka, inatua, inagonga wenzake, inaruka tena, na safari yake yote ni karibu na ardhi. Ndiyo inayokuchapa kwenye vifundo vya miguu. Ukuta unaweza kuizuia, na ndiyo maana Shams 1 umezungushiwa uzio wa kukinga upepo na mchanga. Vumbi ni jambo lingine. Chembe zake ni za maikromita chache, ndogo mara nyingi kuliko unene wa unywele, na zikishapanda hazishuki kirahisi. Zinafika kilomita kadhaa juu na kukaa siku nyingi. Hakuna uzio wa kuzizuia.

Chembe hizo ni kubwa mara kadhaa kuliko urefu wa wimbi la mwanga, ambao kwa rangi ya kijani ni kama nusu ya maikromita. Ukubwa huo ndio unaozipa tabia yake. Molekuli za hewa, kwa kuwa ni ndogo sana, huutawanya mwanga wa bluu zaidi kuliko mwekundu na kuupeleka pande zote, ndiyo sababu ya anga ya bluu. Chembe ya vumbi hutawanya rangi zote karibu sawasawa, na sehemu kubwa ya kile inachokitawanya inakisukuma mbele, kikiwa kimepinda kidogo tu. Matokeo yake unayaona kwa macho. Anga la siku ya vumbi si la bluu, ni jeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, lenye umanjano kidogo kwa sababu madini ya chuma yaliyomo kwenye vumbi hula kiasi cha bluu. Kivuli cha kidole chako juu ya ukuta mweupe, ambacho siku safi kingekuwa na ukingo mkali, kinageuka kijivu. Jioni jua haliendi kuzama kwenye upeo. Linapauka likiwa bado juu, linakuwa kama sarafu ya zamani, halafu linapotea tu.

Watafiti hupima unene wa vumbi hilo kwa namba wanayoiita kina cha erosoli, erosoli zikiwa chembe zozote zinazoelea hewani. Hesabu yake si ngumu. Kina kikiwa 0.1 na jua liko utosini, asilimia 90 ya miale iliyonyooka inapita. Kikiwa 0.4, kiwango ambacho katika Ghuba wakati wa kiangazi si cha ajabu, inapita asilimia 67. Kikifika 1, inabaki 37. Na hiyo ni adhuhuri. Jua likishuka hadi nyuzi 30 juu ya upeo, miale inapita hewa mara mbili zaidi, na kile kina cha 0.4 kinaacha asilimia 45 tu. Hapo sijaweka makato ya mvuke na ya hewa yenyewe.

Anayepima mwanga wote kwa pamoja haoni msiba huo, kwa kuwa kingi kilichotawanywa kilitupwa mbele na bado kinafika chini. Mwanga wote hupungua kwa sehemu ndogo tu. Ndiyo maana mtu aliyesimama juani hahisi tofauti kubwa, na ndiyo maana nasema ngozi ya binadamu ni kipimo kibovu cha kazi hii.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo kwa maoni yangu ndilo tamu kuliko yote katika kisa hiki. Duara la jua, tukilitazama kutoka huku, lina upana wa nusu ya nyuzi hivi. Vumbi likitawanya mwanga mbele, linatengeneza duara jingine pana, jeupe, linalolizunguka jua lenyewe. (Ukitaka kuliona, ziba jua kwa nguzo au kwa pembe ya nyumba, usilitazame lenyewe.) Kifaa kinachopima miale iliyonyooka, pirheliomita, kimetengenezwa kutazama nyuzi 5 kwa upana. Kwa hiyo kinahesabu jua pamoja na sehemu nzuri ya lile duara jeupe, na kuandika vyote kwamba ni miale iliyonyooka. Lakini mtumbwi wa kioo ni mchoyo zaidi: mwale uliopinda zaidi ya nyuzi moja hivi unapita pembeni ya bomba na kwenda zake. Maana yake ni kwamba katika jangwa lenye vumbi, hata kifaa kizuri kilichosimikwa pale pale uwanjani, kilichosafishwa asubuhi na mtu mwaminifu, kitakuahidi kidogo zaidi ya kile mtambo utakachopata. Anga likiwa safi tofauti hiyo haina maana, likiwa na vumbi ina maana.

Na kabla ya pirheliomita kuna setilaiti. Ramani nyingi za jua hutengenezwa kwa picha za kutoka angani: sehemu ikionekana nyeupe kuliko kawaida yake, programu inahesabu kuna wingu. Njia hiyo ilikuzwa Ulaya, ambako ardhi ni ya kijani au nyeusi na kinachokata jua ni mawingu. Ipeleke juu ya mchanga wa Liwa uone. Ardhi yenyewe inang'aa, vumbi lililo juu yake lina rangi karibu ileile, na programu inaangalia chini na kusema: anga safi. Makadirio ya namna hiyo kwa nchi za Ghuba yalielekea kuongeza chumvi kwenye miale iliyonyooka, na watafiti wa huko huko Abu Dhabi walilazimika kuzifanyia njia hizo marekebisho kwa vipimo vya ardhini kabla hazijaaminika. Kazi ilikuwa imekwisha kuanza mapema: kati ya Agosti na Oktoba 2004 lilifanyika jaribio kubwa la kimataifa la kupima erosoli katika Falme za Kiarabu, kwa ndege na mtandao wa fotomita za jua, yaani vipimo vya mwanga wa jua vya ardhini, unaojulikana kama AERONET unaosimamiwa na NASA. Walichokikuta ni mchanganyiko: vumbi la jangwani, pamoja na moshi na salfa za viwanda vya mafuta, gesi na meli, salfa hizo zikinyonya unyevu wa Ghuba na kuvimba. Jangwa hili lina pwani yenye shughuli nyingi ubavuni mwake. Nevada haina.

Vumbi lenyewe husafiri. Mengi huja na shamal, upepo wa kaskazini-magharibi unaovuma kwa nguvu mwezi wa Juni na Julai, ukipita tambarare za Tigris na Euphrates huko Iraki na kuchota udongo mwepesi wa mito, kisha ukateremka na Ghuba nzima. Neno hilo tunalo. Kwetu pwani shemali ni upepo wa kaskazini, na ni ukungu pia. Tena Waarabu wakisema ghubar wanamaanisha vumbi. Neno lilipovuka bahari kwa majahazi likawa ghubari, wingu la mvua. Sijui kama ni mzaha wa lugha au ni mabaharia walioona kiwingu cheusi na kukiita kwa jina la kile walichokijua nyumbani. Ndugu zetu walioko Ghuba, wale wa Muscat ambao bado wanazungumza Kiswahili majumbani, wanaishi na maana zote mbili.

Kuna siku vumbi halina haja ya kupimwa. Tarehe 2 Aprili 2015 dhoruba iliyotokea Saudia iliifunika Dubai na Abu Dhabi kwa rangi ya chungwa, magari yakawasha taa mchana, ndege zikageuzwa. Siku kama hiyo miale iliyonyooka ni kama sifuri, mtambo wa vioo unalala. Lakini dhoruba si nyingi na si zenyewe zilizoshusha ile namba ya mwaka. Kilichoishusha ni utusitusi wa kila siku ambao haufiki kwenye taarifa ya habari.

Je, hayo yaliugharimu mtambo kiasi gani? Nimejaribu hesabu ya mkono. Nevada Solar One una mita za mraba 357,200 za vioo kwa megawati 72, karibu 5,000 kwa kila megawati. Shams 1 una 627,840 kwa megawati 100, yaani karibu 6,300. Robo zaidi, kwa kazi ileile. Nisiidanganye namba: Shams 1 hupoza mvuke wake kwa hewa badala ya maji, na hilo nalo hula ufanisi kwenye joto la nchi hiyo, kwa hiyo si vioo vyote vya ziada vinavyolipia vumbi. Kwa upande wa pili, Shams 1 una msaidizi ambaye hesabu hiyo imemwacha nje. Mvuke ukitoka kwenye mafuta ya jua ukiwa na nyuzi 380 hivi, unapitishwa kwenye tanuru la gesi asilia na kupandishwa hadi nyuzi 540 ndipo uingie kwenye tabo. Wakosoaji walilisema sana tanuru hilo: mtambo wa jua unaochoma gesi! Mimi sioni aibu yake, ni njia halali ya kuinua ufanisi wa tabo, ila anayelinganisha mitambo lazima aikumbuke. Bila gesi, vioo vingehitajika vingi zaidi.

Hilo ndilo vumbi la hewani. Likichoka kuelea linatua juu ya kioo, na huko ni ugomvi mwingine. Paneli ya kawaida ikipata vumbi, mwanga unapita tabaka hilo mara moja, na ule uliotawanywa mbele bado unaingia na kufanya kazi. Kioo cha kuakisi kinapitiwa mara mbili, kuingia na kutoka, na kila mwale uliopindishwa umekwisha kulikosa bomba. Vumbi lilelile, uzito uleule, hasara mbili tofauti. Halafu usiku, kwa kuwa Ghuba ni ya joto na unyevu, umande unashuka juu ya kioo kilichopoa na kuligeuza vumbi kuwa tope jembamba. Asubuhi jua linalioka. Kitambaa kikavu hakilitoi. Shams 1 una malori maalumu yanayopita kati ya safu na kuosha vioo kwa brashi, na kila lita ya maji katika nchi hiyo ni ya thamani.

Jirani zao wa Oman waliijaribu njia nyingine, na nikiri kwamba niliipenda. Katika eneo la visima vya mafuta mazito la Amal, mradi wa Miraah, uliotangazwa 2015, uliviweka vioo ndani ya nyumba za kioo kama zile za kulimia nyanya. Ndani hakuna upepo, kwa hiyo vioo vinaweza kuwa vyembamba na vyepesi, vikining'inizwa. Vumbi linatua juu ya paa, na mashine huosha paa usiku. Mvuke ulikwenda moja kwa moja ardhini kulainisha mafuta. Mpango ulikuwa wa megawati 1,021 za joto. Haukufikia ukubwa huo. Lakini angalia nyumba hiyo inatatua nini na haitatui nini. Vumbi la juu ya kioo, ndiyo. Upepo, ndiyo. Vumbi lililotanda kilomita tatu juu ya paa liko palepale, na miale inafika kwenye nyumba ikiwa imekwisha kupinda.

Abu Dhabi yenyewe ilikuwa imepanga Shams 2 na Shams 3. Hazikujengwa. Badala yake, mwaka 2019, ulianza kazi mtambo wa Noor Abu Dhabi huko Sweihan: paneli milioni 3.2 za kawaida, megawati 1,177, na mashine za kusafisha zinazopita juu ya safu kwa brashi kavu bila tone la maji. Bei ndiyo iliyoamua kwanza, kwa sababu paneli zilikuwa zimeshuka thamani kwa kasi ambayo hakuna aliyeitegemea mwaka 2010 wakati Shams 1 unaanza kujengwa. Lakini hata bei zingelingana, anga la nchi hiyo lilikuwa limekwisha kupiga kura. Paneli haibagui. Mwale ulionyooka inaula, uliopinda inaula, ule wa kutoka kwenye duara jeupe nao inaula.

Ungedhani kisa kimeishia hapo, vioo vimeshindwa. Hapana. Desemba 2023 Dubai ilizindua Noor Energy 1: megawati 600 za vioo vya mtumbwi, 100 za mnara, na 250 za paneli. Wanajua vumbi kuliko walivyolijua 2010 na bado wamerudi, maana paneli hulala magharibi ikiingia, lakini kwenye mtambo wa vioo chumvi iliyoyeyushwa inatunza joto la mchana kwa hadi saa 15. Walichofanya ni kununua usiku kwa bei ya miale hafifu.

Mnara wake una urefu wa zaidi ya mita 260. Chini yake vioo bapa maelfu kwa maelfu vimeinamishwa kuurushia mwanga kileleni, na vile vya mbali viko mamia ya mita kutoka hapo. Kwenye mtumbwi, mwale uliodakwa unasafiri chini ya mita tatu tu kulifikia bomba. Hapa unadakwa, unaakisiwa, kisha unarudi tena kwenye hewa ileile, ile ya chini kabisa yenye vumbi zito kuliko yote, na kuipita kwa mara ya pili.